Wingu la Sumu: Kutoka Handaki la Filamu hadi Shamba la Pamba la Malampaka

Filamu fupi za vita zinazosimulia shambulio la gesi ya sumu hufanana kama watoto wa mama mmoja. Wanajeshi wachache wamo handakini. Mmoja anaandika barua kwa mama yake, mwingine amesinzia, wa tatu anapekua mfuko akitafuta sigara. Mara kengele inagongwa, wingu la kijani lililochanganyika na manjano linatambaa juu ya matope, na kila mmoja anahangaika kuvaa barakoa yake. Daima yupo ambaye barakoa yake imetoboka, au imepotea, au vidole vyake vinatetemeka mno. Nyingi kati ya filamu hizo zimechota kisa chake katika shairi la Wilfred Owen, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, siku saba tu kabla ya bunduki kunyamaza. Shairi hilo la askari aliyechelewa kuvaa barakoa lilichapishwa mwaka 1920, na hadi leo wanafunzi wa sanaa ya filamu huligeuza kuwa picha za dakika kumi au kumi na tano. Siku hizi hakuna haja ya ukumbi wa sinema: kazi za namna hiyo hutazamwa kwenye simu ya mkononi, mjini na kijijini vilevile.

Mkulima wa Malampaka, wilayani Maswa, akiitazama filamu kama hiyo jioni baada ya kutoka shambani, ana haki ya kudhani kwamba anaona mambo ya watu wa mbali na ya zamani. Makala hii inashikilia kwamba sivyo. Miongoni mwa sumu zilizoundwa kwa ajili ya vita, zipo ambazo ni ndugu wa damu wa dawa anazobeba mgongoni mwake kati ya Januari na Aprili. Tofauti kubwa ni kwamba askari wa leo hufundishwa kuitambua sumu, hupewa barakoa, na mfukoni mwake hutiwa dawa ya kuizima. Mkulima aghalabu hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na pengine zahanati anayoikimbilia ina ampuli chache mno za ile dawa ya tatu.

Tuanze na yale ambayo filamu huyasema vibaya, kwa kuwa makosa yake yana faida kwetu sisi wa sekta ya afya.

Mpiga picha anahitaji kitu kinachoonekana, ndiyo maana klorini imekuwa nyota wa filamu hizi. Klorini ina rangi, ni nzito kuliko hewa, nayo hutelemka mahandakini kama maji yanavyofuata mfereji. Ndiyo iliyofunguliwa na jeshi la Ujerumani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, alasiri ya tarehe 22 Aprili 1915, kutoka katika mitungi inayokaribia 6,000 iliyobeba zaidi ya tani 150 za gesi. Aliyesimamia kazi hiyo ni mkemia Fritz Haber, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua njia ya kutengeneza amonia, msingi wa mbolea za viwandani tunazozitumia mpaka leo. Wingu lile la kwanza liliwaangukia wanajeshi wa upande wa Ufaransa, na miongoni mwao walikuwamo askari kutoka Algeria. Kwa maneno mengine, Waafrika walikuwamo katika safu ya kwanza kabisa ya waathirika wa silaha hii, ijapokuwa ni nadra kuwaona katika filamu.

Baada ya klorini ilikuja fosjini, mwezi Desemba 1915. Hii karibu haina rangi, na harufu yake hufananishwa na ya majani yaliyokatwa karibuni. Aliyeivuta hukohoa kidogo, husema yu salama, huenda akala chakula chake na kutaniana na wenzake. Kisha, saa kadhaa baadaye, mapafu yake hujaa maji. Fosjini ndiyo inayodhaniwa kuua watu wengi zaidi kuliko gesi nyingine zote za vita ile, lakini filamu ya dakika kumi haina subira ya kukaa na mgonjwa usiku kucha. Gesi ya haradali, iliyoanza kutumika Julai 1917, nayo haitoi dalili papo hapo. Saa kadhaa hupita ndipo macho huvimba na kufumba, na ngozi hutoka malengelenge makubwa. Mchoraji John Singer Sargent alionyesha jambo hilo katika mchoro wake mashuhuri wa mwaka 1919: msururu wa askari waliofungwa vitambaa machoni, kila mmoja ameshika bega la aliye mbele yake. Kwa maoni yangu mchoro ule unamfundisha mwuguzi mambo mengi kuliko filamu nyingi, kwa sababu unaonyesha kile kinachofuata baada ya kelele kwisha, yaani kazi ya kuwahudumia walio hai.

Kosa jingine limo katika filamu ndefu ya Marekani ya mwaka 1996, *The Rock*, ambamo mhusika mkuu anajidunga atropini moja kwa moja moyoni ili kujiokoa na sumu ya neva, huku sumu yenyewe ikionyeshwa kuunguza ngozi kama tindikali. Atropini haidungwi moyoni. Askari huidunga pajani, kwenye msuli; hospitalini huingizwa kwa mshipa. Wala sumu za neva haziunguzi ngozi: hupita ndani yake kimyakimya, na ngozi hubaki kama ilivyokuwa.

Mvua nyembamba ya Ethiopia

Hapa Afrika Mashariki, tukio la kweli linalokaribia zaidi filamu hizo halikutokea handakini, bali katika milima na mabonde ya Ethiopia. Italia ilikuwa imeridhia Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925, iliyokataza matumizi ya gesi za sumu vitani. Hata hivyo, kuanzia Desemba 1935 ndege zake zilidondosha mabomu ya gesi ya haradali juu ya majeshi ya Ethiopia, na baadaye zikafungwa vifaa vya kunyunyiza sumu hiyo kutoka angani. Mfalme Haile Selassie alipohutubia Umoja wa Mataifa wa wakati huo mjini Geneva, tarehe 30 Juni 1936, alieleza jinsi ndege zilivyopita kwa makundi na kumwaga mvua nyembamba ya mauti juu ya askari, wanawake, watoto, ng'ombe, mito na malisho. Ilipofika mwaka 1996 ndipo Wizara ya Ulinzi ya Italia ilipokiri rasmi kwamba gesi hiyo ilitumika.

Wengi wa askari wale walikwenda vitani miguu mitupu. Barakoa, hata kama wangekuwa nazo, zisingewaokoa, kwa kuwa sumu iliwaingia kupitia nyayo, mabega na mikono, na kupitia majani waliyolalia. Daktari Marcel Junod wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu aliwaona majeruhi hao kwa macho yake. Kitengo cha tiba cha Uingereza kilichoongozwa na Daktari John Melly kiliwatibu waliounguzwa, nacho chenyewe kikapigwa mabomu karibu na Korem mwezi Machi 1936.

Neno la kushika katika habari hii ni ngozi. Filamu zimetuzoesha kuidhania sumu ya vita kuwa jambo la pua na mapafu. Ethiopia inatukumbusha kwamba ngozi ni mlango mpana kuliko pua, na mtu anayepulizia pamba akiwa na bomba linalovuja mgongoni yuko karibu zaidi na yule askari wa mwaka 1936 kuliko na yule wa Ypres.

Ukoo mmoja

Ushahidi wa undugu kati ya silaha na kiuatilifu uko wazi katika historia ya kemia. Mwaka 1936, mkemia wa Kijerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa mpya za kuua wadudu katika kampuni ya IG Farben. Mwezi Desemba alitengeneza kemikali iliyokuja kuitwa tabuni. Siku chache baadaye, tone dogo lilipomwagika maabara, yeye na msaidizi wake waliona mwanga wa taa ukififia, mboni za macho zikasinyaa, na pumzi ikawa nzito. Jeshi lilipata habari, na tabuni ikawa silaha. Mwaka 1938 ikafuata sarini. Schrader huyohuyo ndiye aliyegundua parathioni, mojawapo ya viuadudu vilivyotumika sana duniani baada ya vita, na iliyoua wakulima wengi hata nchi nyingi zikaipiga marufuku.

Kemikali za ukoo huu huitwa organofosfeti. Zipo nyingine zinazofanya kazi kwa namna inayofanana, ziitwazo kabameti. Mwilini, mishipa ya fahamu huamrisha misuli na tezi kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huifuta mara tu amri inapokwisha kupokelewa. Organofosfeti hukifunga kimeng'enya hicho. Amri haifutwi tena. Inaendelea kupigwa kama king'ora kilichokwama. Tezi humwaga maji bila kukoma, misuli hutetemeka hadi ikachoka, na mwishowe ile ya kupumulia huacha kufanya kazi. Sarini hufanya hivyo kwa kiasi kidogo sana na kwa dakika chache. Dawa ya shambani huhitaji kiasi kikubwa zaidi na muda mrefu zaidi, lakini njia ni ileile.

Ni vyema kuweka mpaka mapema. Si kila dawa ya pamba ni organofosfeti. Nyingi zinazouzwa sasa ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa kawaida huwasha ngozi na kuleta ganzi ya uso bila kuua. Nyingine ni za jamii ya neonikotinoidi. Lakini organofosfeti bado zimo, pengine zikiwa zimechanganywa na pairethroidi katika chupa moja, na kwa wafugaji zimo pia katika baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingine ya josho, amitrazi, husinyaza mboni na kupunguza mapigo ya moyo kiasi cha kumdanganya mhudumu, ingawa haikifungi kile kimeng'enya na matibabu yake ni tofauti. Kwa hiyo lebo ya chupa ni sehemu ya uchunguzi. Ndugu wa mgonjwa wanaofika bila chupa waombwe mmoja wao arudi kuileta, wakati tiba imekwisha kuanza.

Msimu wa bomba

Simiyu ni mkoa wa pamba kuliko mingine yote nchini. Malampaka yenyewe ilikua kandokando ya stesheni, katika reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, na pamba imekuwa mojawapo ya mizigo ya reli hiyo kwa vizazi vitatu. Mbegu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba. Mwaka mpya unapoanza, funza wa vitumba, vidukari na chawajani nao huwa wamefika, na mabomba ya mgongoni hutolewa ghalani.

Anayepita mashambani majira hayo ataona mambo ambayo hayashangazi mtu yeyote wa huko. Bomba linavuja kwenye mfuniko, na shati la mpuliziaji limelowa mgongoni. Nozeli ikiziba, huwekwa mdomoni na kupulizwa. Dawa hupimwa kwa kifuniko cha chupa na kukorogwa kwa kijiti, wakati mwingine kwa mkono. Mpuliziaji amefunga kitambaa puani. Jioni shati lile humkabidhi mke au binti alifue pamoja na nguo nyingine, na chupa tupu, ambayo ni nzuri na ina mfuniko unaobana, huoshwa ikatiwa mafuta ya taa au maziwa.

Kuhusu kitambaa, historia ya vita ina neno la kusema. Baada ya shambulio la Ypres, wananchi wa Uingereza waliombwa kushona vibandiko vya pamba vya kufunika pua na mdomo, na kwa muda mfupi vilishonwa kwa wingi mno. Havikufaa: vikiwa vikavu gesi ilipita, na vikilowa havikupitisha hewa. Ilibidi pamba ilowekwe katika kemikali za kuizima klorini, na baadaye yakatumika makaa maalumu ndani ya mkebe, ndipo barakoa ikawa kinga ya kweli. Kitambaa cha mpuliziaji wa Malampaka kina udhaifu uleule, na kingine cha ziada: kikilowa dawa, huishikilia sumu juu ya midomo kwa saa nzima. Kinachomfaa zaidi mtu asiye na barakoa yenye kichujio ni kuziba mfuniko unaovuja, kuvaa shati la mikono mirefu na mabuti, kupulizia asubuhi na mapema au jioni, kutembea akiiacha dawa ipeperukie mbali naye, kusafisha nozeli kwa maji na kijiti laini, na kuoga kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Hivi ni vitu vya bei nafuu, na kwa sumu inayopita kwenye ngozi vinalinda kuliko kitambaa.

Malaria isiyo malaria

Sumu kali hutambulika bila shida. Mgonjwa analetwa akitokwa na mate, machozi na jasho, anatapika na kuhara, amejikojolea, kifua kinakoroma kwa makohozi mengi, mboni za macho ni kama ncha ya sindano, na misuli ya kope, kifua na mapaja inachezacheza chini ya ngozi. Pengine nguo zake zina harufu ya kitunguu saumu au ya mafuta ya taa. Degedege na kupoteza fahamu hufuata.

Anayepotea katika daftari letu ni yule wa sumu ndogo. Anakuja kwa miguu yake mwenyewe, mwezi wa pili au wa tatu, akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, uchovu, na macho yasiyoona vizuri jioni. Huo pia ni msimu wa mvua na malaria. Kipimo cha haraka kinaonyesha hana vimelea, na bado anaondoka na dawa za malaria au za homa ya matumbo, kisha kesho anarudi kubeba bomba. Swali moja lingetosha kumbadilishia njia: je, jana au leo umepulizia dawa, umefua nguo za aliyepulizia, au umeogesha ng'ombe? Likifuatwa na kutazama mboni kwa tochi, kuhesabu mapigo ya moyo na kusikiliza kifua, mhudumu wa zahanati amefanya karibu yote ambayo maabara kubwa ingemfanyia saa ile.

Hesabu ya ampuli

Mgonjwa mahututi asicheleweshwe kwa jambo lolote, iwe fomu ya polisi, malipo au gari. Alazwe kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo, kinywa kifyonzwe, na apewe oksijeni kama ipo. Pasipokuwa na oksijeni, atropini isisubiri.

Kwa mtu mzima, atropini huanza kwa miligramu 1 hadi 3 kwa mshipa, kulingana na ukali wa hali. Kwa mtoto ni miligramu 0.02 hadi 0.05 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya dakika tano mgonjwa huangaliwa upya. Kama hakuna nafuu, kipimo huongezwa maradufu, na huendelea kuongezwa hivyo kila dakika tano hadi kifua kikauke na kuacha kukoroma, mapigo ya moyo yapite 80 kwa dakika, na shinikizo la juu la damu lipite 80. Mboni za macho hukawia kufunguka, kwa hiyo zisitumiwe peke yake kuwa kipimo cha nafuu. Mapigo ya kasi hayazuii kutoa dawa ikiwa kifua bado kinakoroma. Hali ikitulia, asilimia 10 hadi 20 ya jumla ya dawa iliyotumika hupewa kila saa kwa dripu. Akianza kuweweseka, kupata joto kali, na tumbo likanyamaza kabisa, atropini imezidi. Dripu isimamishwe kwa muda, kisha ianze tena kwa kasi ndogo. Degedege hutibiwa kwa diazepamu. Pralidoksimu hutajwa katika vitabu vyote, lakini tafiti zimetofautiana juu ya faida yake, na ukosefu wake usimkatishe tamaa mhudumu wa kijijini.

Sasa tuhesabu. Tuchukue mgonjwa anayeanza kwa miligramu 2, na ampuli zenye miligramu 1 kila moja. Kipimo cha kwanza ni ampuli 2, cha pili 4, cha tatu 8, cha nne 16. Katika robo saa zimetumika ampuli 30, na dripu bado haijaanza. Kituo chenye boksi moja la ampuli 10 kitatoa kipimo cha kwanza na cha pili, na cha tatu kitakuta zimebaki 4. Ndiyo sababu oda ya atropini kwa vituo vya ukanda wa pamba inapaswa kufikiriwa kwa kalenda ya shamba, ifike kabla ya Januari, na ndiyo sababu gari la kwenda hospitali ya wilaya Maswa au ya rufaa ya mkoa, Bariadi, liitwe wakati kipimo cha kwanza kinaandaliwa, pasipo kungoja cha mwisho kishindwe. Atakayemsindikiza mgonjwa aondoke na ampuli mkononi.

Kuhusu tumbo: asitapishwe. Maziwa, mafuta ya kula na mayai mabichi, ambavyo karibu kila familia humnywesha mgonjwa wa sumu kabla ya kumleta, haviondoi sumu. Huongeza hatari ya matapishi kuingia mapafuni, hasa kwa kuwa dawa nyingi za shambani zimeyeyushwa katika mafuta yanayofanana na ya taa. Familia isigombezwe kwa hilo. Waliona wanamsaidia.

Na mhudumu ajikinge. Asubuhi ya tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa dhehebu moja waliachia sarini katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Zaidi ya watu 5,000 walitafuta matibabu. Katika hospitali ya St. Luke's, iliyopokea mamia siku hiyo, zaidi ya wahudumu 100 walipata dalili kutokana na mvuke uliotoka katika nguo za wagonjwa waliojazana ndani. Hapakuwa na aliyewavua nguo mlangoni. Katika zahanati yetu jambo hilo ni rahisi kuliko Tokyo: mgonjwa avuliwe nje kivulini, nguo zifungwe katika mfuko wa plastiki, aoshwe kwa sabuni na maji mengi kuanzia nywele hadi chini ya kucha, anayemwosha avae glavu jozi mbili na aproni, na madirisha yafunguliwe. Kama hali ni mbaya, atropini na kuosha viende pamoja.

Nitaje kwa kupita gesi mbili zilizomo majumbani mwetu. Ya kwanza ni klorini ileile ya Ypres: jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi hiyo papo hapo, na msafishaji wa chooni, nyumbani au hospitalini, ndiye anayeivuta. Visichanganywe kamwe. Ya pili ni fosfini, inayotoka katika vidonge vya kufukizia nafaka vinapokutana na unyevu wa hewa. Magunia yaliyotiwa vidonge hivyo yakiwekwa katika chumba ambamo watoto wamelala, familia nzima yaweza kuamka na kutapika, kubanwa kifua na kulegea, au wasiamke. Haina dawa ya kuizima, na atropini haiisaidii. Kinachookoa ni kutoka nje kwenye hewa safi mara moja na kuwahi hospitali.

Siku ya nne, na swali la chupa

Mgonjwa wa organofosfeti aliyezinduka, akala uji na kuomba kurudi nyumbani, bado hajavuka. Kati ya saa 24 na saa 96 tangu aingiwe na sumu, baadhi yao hupatwa na ulegevu wa misuli ya shingo, mabega na ya kupumulia, wakati mate na jasho vimekwisha kukauka na kila mtu ameshatulia. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Asubuhi na jioni mgonjwa alale chali, aambiwe ainue kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia. Anayeshindwa asihesabiwe kuwa mvivu au mwenye kujidekeza. Atafutiwe mashine ya kumsaidia kupumua, hata ikibidi hadi Bugando, Mwanza, kabla pumzi haijaisha. Hapa ndipo mfano wa fosjini unapotufaa: askari aliyesema yu salama jioni hakuwa salama.

Limebaki jambo ambalo filamu hazilisemi na ambalo wodi hulijua. Sehemu ya wagonjwa hawa hawakumwagikiwa na dawa wala hawakuvuta mvuke wake. Waliinywa wenyewe, wengi wakiwa vijana, mara nyingi saa chache baada ya ugomvi wa nyumbani, deni la pembejeo au aibu ya shuleni, na kwa sababu chupa ilikuwa chini ya kitanda. Ndugu huficha kwa kuogopa polisi na maneno ya jirani, na husema alikosea akidhani ni soda. Mhudumu hahitaji kuwabana mbele za watu. Tiba ni ileile, na uchungu unaomrudisha mgonjwa kwenye wazo lile husikilizwa vizuri zaidi faraghani, siku ya pili au ya tatu, na mtu aliyevuta kiti akaketi. Aulizwe waziwazi kama bado anatamani kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Apangiwe siku ya kurudi kliniki, na jina la ndugu mmoja anayemwamini liandikwe kwenye faili. Kisha, kabla ya karatasi ya ruhusa kutiwa saini, ndugu huyo aitwe pembeni aulizwe ile chupa iliyobaki iko wapi, na nani atakayeifungia kwa kufuli leo kabla mgonjwa hajafika nyumbani.